Mkwe wa Bara na Maji Mafu

Ndugu zangu, kulikuwa na mwanamke mmoja wa bara, kule ambako bahari ni ya kusimuliwa tu, akaolewa kisiwani. Wanawake wa kisiwa kile wanalima mwani. Naye akapewa kamba na vigingi, akafundishwa kufunga mbegu, wakashuka wote pwani. Siku hiyo maji yalikuwa yamekimbia mbali, mtu anafanya kazi hata magoti hayalowi. Akarudi nyumbani anaimba.

Baada ya siku chache akaamka mapema akatazame shamba lake. Wenzake hakuwaona. Akasema moyoni, leo nimewatangulia! Akangoja maji yatoke. Yakatoka kidogo, yakasimama. Akaingia hivyo hivyo. Yakafika kiunoni, yakafika kifuani, mara mguu ukakosa pa kukanyaga. Alijikokota hadi ufukweni akitapika chumvi. Kesho yake akarudi. Maji ni yale yale. Nyumbani mawifi wanatazamana, wanacheka.

Ingekuwa wewe ungefikiri nini? Yeye alifikiri: bahari hii ina wenyewe, na mimi si wao. Akafunga nguo zake ndani ya kanga, akashika njia ya mlangoni. Mama mkwe akamkuta hapo.

"Mwanangu, safari ya wapi tena?"

"Narudi kwetu, mama. Bahari yenu imenikataa. Juzi nusura inizamishe."

"Uliingia baharini? Na mwezi huu nusu?"

"Mwezi? Mwezi unahusu nini, mama?"

Yule mama akamshusha furushi mkononi, akamkalisha. "Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu. Hayajai sana, wala hayatoki sana. Hakuna anayekwenda shamba. Ndiyo maana unatuona tumekaa tunasuka ukili wa mikeka. Ukiandama, au ukiwa mpevu, hapo ni bamvua, maji yanatoka mpaka kule mbali, nasi tunashuka. Bahari haijakukataa, mwanangu. Siku zake hazijafika."

Basi alilia, kisha akacheka, kisha akalia tena. Mzigo ule wote aliokuwa nao kifuani ukamtoka. Lakini alipofuta machozi akauliza, "Mbona hamkuniambia?"

"Jambo hili nani asiyelijua?"

"Mimi, mama."

Mama mkwe akalirudisha furushi ndani. Mwezi ulipokuwa mpevu alimshika mkono yeye mwenyewe, wakashuka pamoja, wakaukuta mwani umenenepa, umezifunika kamba.

Mnadhani nataka kuwahimiza kusubiri? Hapana. Leo simsemi yule mgeni. Nawasema mawifi, na mawifi ni sisi tuliokaa safu za mbele hapa msikitini.

Sisi tumezaliwa ndani ya dini hii. Yupo ndugu aliyesilimu juzijuzi, anasimama kule nyuma karibu na mlango. Hajui lini ainame, lini ainuke. Sisi tunatazamana. Tunanong'ona kwamba imani yake haba. Nani kati yetu alikaa naye akamweleza? Kila mmoja anasema, haya nani asiyeyajua!

Siku akiacha kuja tutasema dini imemshinda. Naye huko aliko ataamini kwamba Mungu amemkataa. Wallahi, Mungu hakumkataa. Ni sisi tulionyamaza. Sasa tukishatoa salamu, nani atakayekwenda kukaa naye?