Siku Bi Nguchiro Alipoleta Neno Bwawani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanaamkiana kwa shikamoo na kila mmoja ana kata yake ya kunywea maji, kiangazi kiliipiga nchi mpaka mito yote ikakauka. Likabaki bwawa moja tu, na bwawa hilo lilikuwa na wenyewe. Msidhani wenyewe ndio waliolichimba, maana hakuna aliyelichimba. Wenyewe walikuwa wale wenye miguu minene.

Mzee Tembo, aliyekuwa jumbe wa pale, hakupenda kuitwa dhalimu. Kuwasukuma wadogo kwa pembe aliona ni ushamba. Kwa hiyo akatunga mchezo, akauita Mchezo wa Maneno ya Wahenga, akasema utawapa wote haki sawa. Wadogo walipiga makofi siku hiyo, maskini.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kila alasiri, kabla yeyote hajatia kata majini, mmoja alileta neno gumu la zamani, neno ambalo halisikiki tena sokoni wala jikoni. Kwanza alimnong'oneza Kasuku maana yake. Kisha akalitumia neno lile katika sentensi moja mbele ya wote, na kila mnyama akaeleza anavyolijua. Mwisho Kasuku akaitoa maana aliyowekewa. Waliopata walikunywa kwanza, waliokosa wakafuata. Aliyesema "sijui" alikunywa mwisho kabisa, tena akiwa ameshachekwa.

Kasuku alipewa kazi hiyo kwa sababu alikumbuka kila kitu na hakuelewa hata kimoja. Hakuongeza wala hakupunguza. Hata sauti ya mtu aliitoa vilevile kama alivyoisikia.

Basi alikuwapo Bi Nguchiro. Mnamjua nguchiro: kamnyama kembamba, kafupi, mkia mrefu, macho hayatulii. Huyu alikuwa mjane mwenye watoto watatu, na kitindamimba wake, Machano, alikuwa mgonjwa wa tumbo. Ugonjwa wenyewe haukuhitaji mganga. Kila jioni, zamu ya Bi Nguchiro ilipofika, wakubwa walikuwa wameshakunywa, wameshaoga, wameshagaagaa, na kilichobaki ni tope. Tope hilo ndilo alilowapelekea wanawe. Wale wawili wakubwa walilivumilia, lakini Machano alikuwa anakwisha huku mama yake anamtazama.

Siku moja mama huyu alidhani bahati imemwangukia. Bwana Kiboko ndiye aliyeleta neno, akasema kwa sauti nzito, "Tahadharini, mtondogoo unakaribia."

Bi Nguchiro nusura aruke kwa furaha, maana neno hilo alilijua. Mzee Tembo akajibu kwamba mtondogoo ni mdudu mwenye miiba. Bwana Faru naye akajibu kwamba ni mdudu mwenye miiba. Walijibu upesi, kama watu waliokwisha kukutana mahali asubuhi.

Zamu ya Bi Nguchiro ikafika. Akasimama kwa miguu ya nyuma ili aonekane.

"Mtondogoo ni siku," akasema. "Leo, kesho, kesho kutwa, mtondo, halafu mtondogoo. Bibi yangu alinihesabia hivyo tangu sijaota meno."

Kasuku akakohoa, akatoa sauti ya Kiboko, nzito vilevile: "Mtondogoo ni mdudu mwenye miiba."

Wakubwa wakacheka, kwa kwa kwa, hata maji yakatikisika. Bi Nguchiro akasema hapana, waulizwe wazee wa nchi yoyote, hiyo ni siku. Mzee Tembo akamtazama kwa huruma, ile huruma ya mtu aliyeshiba.

"Mwanangu," akamwambia, "maana ya neno ni ile iliyotangulia sikioni mwa Kasuku. Hiyo ndiyo sheria, na sheria haijui mkubwa wala mdogo."

Jioni ile Bi Nguchiro akachota tope kama kawaida yake. Alirudi nyumbani akilia, nami simlaumu. Kuonewa kunauma, lakini kuonewa na kufundishwa juu yake kunauma zaidi.

Asubuhi alikuwa ameketi mlangoni, Machano mapajani, anampapasa tumbo. Mtoto hana hata nguvu ya kulia. Tumbo ndilo lililokuwa likisema peke yake: porongwe, porongwe, porongwe.

Mama akasikiliza. Akasikiliza tena. Halafu, wanangu, yule mwanamke akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu kiangazi kianze. Akatabasamu.

Alasiri alifika bwawani kabla ya wote, akamwendea Kasuku, akamnong'oneza maneno mengi kidogo. Kasuku akafumba macho, akayapokea, akatikisa kichwa kwamba yameingia.

Wakubwa walipokuja, Bi Nguchiro akapiga magoti, akaamkia mmoja mmoja, akaomba leo aruhusiwe yeye kuleta neno. Hakuna mdogo aliyewahi kuomba hivyo, ingawa sheria haikukataza. Mzee Tembo akaona ni nafasi nzuri ya kuonekana ana moyo mkunjufu, akakubali.

Bi Nguchiro akasimama katikati. "Neno langu ni kiporongwe," akasema. "Na sentensi yangu ni hii: marehemu babu aliniambia kiporongwe hakikai kwa mnyama mdogo, kinakaa kwa wakubwa tu."

Hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo, na angelisikia wapi? Tembo alimtazama Kiboko, Kiboko akamtazama Faru, Faru haoni mbali, akatazama tu mbele. Safari hii hawakuwa wamekutana asubuhi.

Lakini mkubwa atasemaje hajui? Tena kitu chenyewe ni cha wakubwa! Mzee Tembo akanyoosha mkonga, akajikohoza.

"Kiporongwe," akaanza taratibu, "ni ile heshima ya ukoo. Haipatikani kwa kutafuta. Mimi ninacho, baba alikuwa nacho, na babu alikufa nacho."

Wadogo wakaguna kwa mshangao. Kiboko akaona amepitwa. Akasema heshima ni sehemu tu ya maana yake, kwamba kiporongwe hasa ni nguvu inayokaa shingoni. Na kama Mzee Tembo ana kimoja, akasema Kiboko, "Mimi ninavyo viwili!"

Bwana Faru hakutaka kubaki nyuma. Akasema chake kiko hapa hapa puani, kila mtu anakiona, na kinakua kila mwaka.

Ikabaki zamu ya wadogo, na aliyetangulia alikuwa Digidigi, mnyama mwenye woga lakini asiyejua kusema uongo. Akainamisha uso, akasema, "Mimi sijui, dada. Sijapata kulisikia."

Wakubwa wakamcheka. Faru alicheka mpaka akajishika mbavu. Wadogo waliobaki, kwa kuwa Digidigi ameshafungua njia, nao wakasema hawajui, mmoja baada ya mwingine. Mzee Tembo akatikisa masikio, akasikitika jinsi watoto wa siku hizi wasivyojali maneno ya wahenga.

"Haya, Kasuku," akasema. "Tupe maana."

Kasuku akafumbua macho. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya Bi Nguchiro mtupu:

"Kiporongwe ni ugonjwa wa tumbo. Huwapata wakubwa. Mwenye nao akitangulia kutia mdomo majini, bwawa zima huharibika. Kwa hiyo hunywa mwisho, nyuma ya wote, hata nyuma ya wale waliosema hawajui."

Wadogo, bila kuambiwa, wakarudi nyuma hatua tatu kutoka kwa Mzee Tembo. Mwingine akaziba pua.

Kiboko ndiye wa kwanza kuzinduka. Akasema yeye hakusema anacho, wamemsikia vibaya.

"Mimi ninavyo viwili!" akasema Kasuku, kwa sauti ya Kiboko.

Kiboko akageuka, akasema kwa hasira kwamba neno lenyewe halipo, limetungwa. Bi Nguchiro akamjibu kwa unyenyekevu mwingi, macho chini.

"Labda, Bwana Kiboko. Mimi ni mdogo, sijui mengi. Lakini jana tu Mzee Tembo alinifundisha kwamba maana ya neno ni ile iliyotangulia sikioni mwa Kasuku. Sheria ikibadilika leo, basi turudi na kwa ule mdudu wenu wa miiba."

Wote wakamgeukia jumbe. Sasa fikirini hali ya Mzee Tembo. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, aseme hapo hapo mbele ya digidigi na vyura kwamba hakulijua neno, alibuni tu. Ya pili, awe mgonjwa. Mzee wa watu alisimama, jasho likamtoka nyuma ya masikio.

"Ndivyo nilivyokusudia," akasema mwisho. "Heshima ya ukoo, na ugonjwa wa ukoo. Ni mamoja."

Wakubwa watatu wakasogea kando. Wadogo wakashuka bwawani kwanza, Digidigi mbele yao. Chubwi, chubwi, kata zikaingia kwenye maji meupe ambayo hawakuwahi kuyaona ila kwa mbali. Bi Nguchiro akajaza mtungi wake mpaka shingoni, akaondoka mbio, wala hakungoja kusifiwa. Jioni hiyo Machano alikunywa, akalala, na tumbo lake likanyamaza. Mama yake alikaa kukisikiliza kimya kile muda mrefu.

Ikapita kesho, ikapita kesho kutwa, ukapita mtondo. Hakukuwa na mchezo tena, kwani nani angecheza? Wadogo walikunywa, wakaoga, na msidhani walikuwa malaika, nao wakagaagaa. Kilichobaki jioni mnakijua.

Siku ya mtondogoo, mchana, Bi Nguchiro akasikia kishindo mlangoni, pu, pu, pu. Mzee Tembo huyo, peke yake, amekonda, ngozi imelegea. Kabla hajaamkiwa, tumbo lake likasema: porongwe, porongwe.

Bi Nguchiro alimwonea huruma, nasema kweli. Hakuwa mwanamke mbaya, na sauti ile aliijua. Akamkaribisha, akamtandikia jamvi, ingawa jamvi lote lilitosha mguu mmoja tu.

Mzee Tembo akazungukazunguka, akauliza hali ya watoto, akasifu nyumba. Kisha akainamisha kichwa mpaka usawa wa mlango, akauliza kwa kunong'ona kama ana dawa ya... ule ugonjwa wake.

"Ninayo, mzee wangu," akasema Bi Nguchiro. "Tena ni rahisi, haina mzizi wala gome. Kesho alasiri simama bwawani, mbele ya wote, useme neno moja tu: 'Sijui.' Utapona papo hapo, utakunywa pamoja na wengine."

Tembo akatazama upande wa bwawa, akatazama chini. Tumbo likamsema tena, naye akalibana.

"Hakuna dawa nyingine? Hata iwe chungu?"

"Hakuna, mzee. Ndiyo hiyo."

"Basi nitafikiri," akasema Mzee Tembo, akaondoka taratibu.

Alifikiri usiku kucha. Na kesho yake alasiri, Bi Nguchiro alipofika bwawani na mtungi wake, na Machano akirukaruka mbele, alimkuta jumbe amesimama mahali pake, mwisho wa msururu, nyuma ya vyura, anangojea tope. Digidigi alipopita karibu akainama kwa adabu, akamwamkia, akamuuliza kiporongwe kinaendeleaje.

Mzee Tembo akainua kichwa juu, kama inavyompasa jumbe.

"Hakijambo, mwanangu," akasema. "Kwetu ni cha ukoo."

Wanangu, anayeona haya kusema "sijui" siku moja, hunywa tope siku zote.