Samaki Wenye Haya wa Bwana Ndovu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipangishana vyumba na kuombana chumvi kama sisi, palikuwa na Bwana Ndovu na binti yake, Tunu. Wewe wa mlangoni, sogea ndani usikie vizuri, maana sirudii.

Bwana Ndovu kazi yake ilikuwa kubeba magogo. Nguvu tele! Gogo ambalo wanyama kumi hawalitikisi, yeye alilinyanyua kwa mkonga huku akiimba. Akipita njiani, puu! puu! puu!, sufuria za majirani zinaanguka. Mama yake Tunu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu.

Siku moja Tunu alitumbukia shimoni, akavunjika mguu. Mganga wa mifupa akamfunga vijiti, akasema, "Miezi mitatu kitandani. Asiukanyage hata kidogo."

Miezi mitatu, wanangu! Tunu akawa analala tu, anatazama dari asubuhi mpaka jioni. Baba yake alimpenda sana, tena sana, lakini kukaa na mtu alikuwa hajui. Alikuwa akisimama mlangoni na kuunguruma, "Hujambo, mwanangu? Nikuletee nini?" Kabla hajajibiwa vizuri, keshageuka anaondoka. Mapenzi yake yote yalikuwa ya kuleta vitu.

Siku moja Tunu akawahi kusema, "Baba, nataka samaki wa kutazama."

"Samaki tu? Utawapata leo hii!"

Kweli, alileta tangi la kioo, refu kama kitanda, akaliweka pale chumbani na kulijaza maji. Akaenda mtoni, akakusanya samaki arobaini, wakubwa kwa wadogo, wapole kwa wakali, akawamimina humo wote kwa mpigo. Chubwi! Chubwi! Chubwi!

Tena Bwana Ndovu alikuwa msafi kupita kiasi. Kila asubuhi alitumbukiza mkonga tangini, fyuuu!, akavuta maji yote, akaenda kuyamwaga nje. Akasugua kioo kwa sabuni mpaka kikang'aa, akajaza maji mapya. Aliona anawafanyia wema.

Siku ya nne samaki wote walikuwa wanaelea matumbo juu.

Tunu hakula siku hiyo. Alimwomba baba yake awazike nyuma ya nyumba, naye Tunu akawa anachungulia dirishani hapo kitandani, analia mpaka kaburi la mwisho. Halafu akasema, "Baba, usiniletee tena. Sitaki kuzika tena."

Loo! Yule mbeba magogo aliyeyatikisa mawe akafuta machozi kwa ncha ya sikio, akaenda moja kwa moja bwawani kwa Bi Chura.

Bi Chura alikuwa mdogo, angeweza kukaa ndani ya kikombe chako. Lakini mambo ya maji na samaki, hapakuwa na anayemfikia.

"Hodi, Bi Chura!"

"Karibu, Bwana Ndovu. Punguza sauti, jani langu linayumba."

"Samaki wangu wamekufa. Nipe wengine, wenye nguvu! Nipe kambale watano!"

Bi Chura akamsikiliza yote: samaki arobaini, sabuni, na makaburi. Akatikisa kichwa. "Bwana Ndovu, samaki wako hawakufa kwa unyonge. Yale maji yalikuwa mapya mno. Yaache mwezi mzima, uyatunze tu, ndipo uweke samaki. Wachache, tena wadogo."

"Mwezi!" Ndovu akapiga mguu chini, puu! Bi Chura akarushwa juu, akaangukia matopeni, pwaa! "Nikae mwezi mzima natazama maji? Mimi? Kama hunipi kambale, najirudia mtoni!"

Bi Chura akajifuta tope, akafikiri, "Huyu ukimwambia ukweli, atarudi mtoni kweli, na yule mtoto atazika tena. Bora nimdanganye." Mimi simwoni Bi Chura mbaya kwa hilo, sijui ninyi.

"Ala! Kumbe una haraka, bwana," akasema kwa sauti ya siri. "Basi ninao samaki ambao simpi kila mtu. Wanaitwa Wenye Haya."

"Wenye Haya?"

"Ndiyo. Wanakaa nyuma ya mawe na majani, hawajionyeshi mpaka wakuzoee. Wakisikia kishindo, wanajificha zaidi. Ukitia mkonga, umewavuta wote. Ukitia sabuni, basi tena."

"Bei?"

"Utanilipa siku utakayowaona."

Bi Chura akachota maji ya bwawa kwenye kibuyu, akatia mawe matatu madogo yenye utelezi na mashina mawili ya majani ya majini. Akapanda juu ya pembe ya Ndovu, wakaenda.

Tunu alipomwona Bi Chura akajiinua kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pole na mguu."

"Bibi, na hawa watakufa?"

Bi Chura akamtazama yule mtoto, macho yamevimba kwa kulia, na moyo ukamuuma. "Wa kibuyu hiki hawafi," akasema, "mkiwatunza kama nitakavyowaambia." Akamimina kibuyu. Chubwi!

Ndovu akasogeza jicho kwenye kioo. "Sioni kitu."

"Si nimekwambia wana haya? Sasa sikiliza. Kila siku saa kumi, utie punje ya chakula, ndogo kama ukucha wangu. Halafu ukae hapa kitini, kimya, mpaka jua liingie. Ukitaka kusema, sema polepole. Ukikosa siku moja, tutaanza upya."

"Nikae? Saa mbili nzima?"

"Unataka samaki, hutaki?"

Siku ya kwanza Bwana Ndovu alikaa kama mtu aliyekalia siafu. Akahema, akajikuna, akahesabu vidole vya miguu yake. Siku ya tatu akamwuliza Tunu kwa sauti ya chini, "Umemwona hata mmoja?"

Tunu akatazama mawe ya tangini, akasema, "Bado, baba. Labda kesho."

Siku ya sita, kwa kukosa la kufanya, Ndovu akaanza kusimulia jinsi alivyokutana na mama yake Tunu, siku yeye Ndovu alipoteleza mbele ya watu akakalia kapu la mayai la huyo mama. Tunu akacheka mpaka vijiti vya mguuni vikatikisika. "Baba, hujawahi kuniambia!"

"Hukuwahi kuniuliza."

"Ulikuwa unaondoka."

Basi wakawa hivyo, saa kumi mpaka machweo, siku baada ya siku. Kule kwenye magogo wenzake walimshangaa, maana ikikaribia saa kumi anatua mzigo na kwenda zake, tena ananyata. Ndovu ananyata, wanangu! Sufuria za majirani zikapumzika.

Siku ya ishirini na nane akaja jirani yao, Kiboko, na ndoo kichwani. "Hodi humu! Jirani, nimekuletea kambale mwenye sharubu kama zangu! Tangi kubwa linataka samaki mkubwa!"

"Shhh!" Ndovu akamziba mdomo. "Utawatisha. Na huyo mkubwa atawala wadogo wangu."

"Wadogo gani?" Kiboko akabandika pua kwenye kioo. Akatazama nyuma ya mawe. Akatazama chini ya majani. "Kwa-kwa-kwaa! Jirani, umeletewa maji matupu! Mwezi mzima unalinda maji!"

Ndovu akatazama tena. Akatazama kila pembe, kwa jicho la kulia, kwa jicho la kushoto. Masikio yakaanza kumpigapiga. Hakuna kitu.

"CHURA!"

Puu! Puu! Puu! Alifika bwawani vumbi linatimka nyuma yake, akainua mguu juu ya jani la Bi Chura.

"Umenifanya mjinga mbele ya mwanangu!"

Bi Chura alitetemeka, nani asingetetemeka? Lakini hakuruka. "Nimekudanganya, bwana, nakiri. Kanyaga ukitaka. Ila kwanza nipeleke nikaonje yale maji. Sitaki Tunu akose samaki kwa sababu mimi nimekufa."

Jina la Tunu likauzuia mguu. Ndovu akamchukua kwa mkonga, si kwa upole sana, akarudi naye nyumbani.

Kiboko alikuwa bado pale anacheka. Bi Chura akachovya kidole, akakilamba, akafumba macho. "Tayari," akasema.

"Tayari nini?"

"Maji. Bwana Ndovu, kwenye maji ya bwawa kuna vidudu vidogo mno, jicho halivioni. Ndivyo vinavyofagia uchafu wa samaki, na uchafu huo ndio sumu iliyowaua wale wako. Ulikuwa ukivimwaga na kuviua kwa sabuni kila asubuhi. Nilivileta kwenye kibuyu, vikajishika kwenye mawe. Mwezi huu mzima umevilisha kwa zile punje, vimekuwa vingi, vinangoja kazi."

Kiboko akaacha kucheka.

"Na kwa nini hukuniambia?" Ndovu akauliza.

"Nilikwambia. Ukanirusha matopeni."

Ndovu akainamisha kichwa. Kweli ilikuwa kweli.

Siku ile ile Bi Chura akaleta samaki wa kuchagua. Ndovu akaonyesha mmoja mwenye meno. "Huyu hapigwi na mtu!"

"Ndiyo, naye atawapiga wote," Bi Chura akasema. "Mgeni wa kazi hii achague wapole. Wa aina moja, maana samaki akiwa peke yake anahuzunika. Na wachache, ili wale wafagiaji wasizidiwe. Chagua wewe, Tunu."

Tunu akachagua sita, wembamba, wenye mstari mwekundu ubavuni, wanaogeuka pamoja.

"Sita tu?" Kiboko akasema. "Tangi kubwa hivyo?"

"Sita," akasema Ndovu kwa sauti ya chini. "Wengine baadaye, wakizoea."

Siku ya kwanza Tunu hakuthubutu kuwapa majina. Siku ya nne aliamka akafumba macho kwanza. "Baba, tazama wewe. Wanaelea?"

Ndovu akasogea, akabandika jicho kwenye kioo. "Fumbua macho, mwanangu."

Walikuwa wanaogelea wote sita, wanageuka pamoja huku na huku. Tunu akalia, safari hii kwa furaha, na baba yake akalia naye bila kujificha. Bi Chura, aliyekuja kutazama, akajifanya vumbi limemwingia machoni.

Saa kumi ilipofika Ndovu akatia chakula, akakaa. "Yule Bi Chura alituweza," akasema. "Mwezi mzima tunangoja samaki ambao hawapo."

"Alikuweza wewe, baba. Mimi nilijua."

"Ulijua? Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili. Mimi silali mchana, nilitazama kila jiwe. Hapakuwa na samaki."

"Salaale! Basi mbona hukusema, mwanangu? Ungeniokoa aibu!"

Tunu akavuta ncha ya mkonga wa baba yake, akauweka shavuni. "Ningesema, ungeondoka," akasema. "Nami nilipenda ulivyokuwa unakaa."

Nje wenzake Ndovu wakamwita, gogo kubwa limekwama njiani, njoo upesi! Akawaambia wangoje mpaka kesho, akavuta kiti karibu na kitanda.

Mimi nimefika mwisho, aliyesinzia akamwulize mwenzake, na funzo ni hili tu: ukipenda kumfuga kiumbe au kumlea mtoto, usimpe vitu tu, mpe na muda wako.