Kinyonga na Kumbikumbi wa Uongo

Haya, masikio!

— Yako wazi!

Na macho?

— Yamekodoka!

Nimeuona mto.

— Tuvushe!

Nimeuona mto uliokuwa na mwenyewe.

— Mwenyewe nani?

Kaeni basi, mtamjua. Wewe wa nyuma, mwondolee mwenzako huo mguu, usogee hapa.

Hapo kale, huko juu mlimani ambako mianzi imesongamana hadi jua linapita kwa kujipenyeza, palikuwa na mto wa maji baridi. Baridi gani? Ukitia kidole, hukioni ni chako tena. Mto ule ulishuka kwa kelele, ukaruka mawe, ukafika chini ya jabali moja ukatulia, ukafanya dimbwi refu, jeusi, kimya.

Humo dimbwini aliishi samaki, trauti mkubwa, mwenye nguvu, mnene wa kiwiliwili kama gogo. Ubavu wake ulijaa madoa, na jina lake lilikuwa Bwana Madoa. Alikuwa na wimbo mmoja tu:

Kinachoelea ni changu!
Kinachozama ni changu!
Kinachopita ni changu!
Chubwi!

Akianguka kipepeo, chubwi! Akiteleza panzi, chubwi! Watoto wa Mama Chura walipojifunza kuogelea ukingoni, chubwi, chubwi, chubwi! Mama Chura alilia mpaka sauti ikawa ile mnayoisikia leo.

Sasa, kila mwaka, kipupwe kinapokwisha na jua la kwanza la joto likapiga maji, kulitokea jambo. Nikilisimulia, mwili unanisisimka. Chini ya mawe ya mto ule walikaa wadudu wadogo wa rangi ya matope. Mwaka mzima walitambaa gizani, hakuna aliyewajali. Lakini siku hiyo, kana kwamba mtu amewaita kwa majina, wote waliyaachia mawe wakapanda. Mmoja akifika juu, anaupasua mgongo wake mwenyewe, pwe! Anaivua ngozi yake kama mtu anavyovua shati lililolowa. Anasimama juu ya maji, ana mikia mitatu na mabawa membamba kama ganda la kitunguu. Hana mdomo wa kulia chakula. Hana kesho. Ana mchana mmoja tu, basi. Anayakausha mabawa, anaruka.

Na si mmoja. Ni elfu, na elfu nyingine, na nyingine tena, mpaka juu ya mto hewa yenyewe inatetemeka, inameremeta. Wenyeji waliwaita kumbikumbi wa maji.

Kwa siku tano tu. Ya sita, hakuna.

Siku hizo tano ndizo alizongoja kila mwenye njaa. Katika kipupwe wadudu hawaruki, na ukingoni watu walikuwa mifupa. Mama Mbayuwayu alikuwa na makinda matatu katika kiota cha udongo chini ya jabali. Yamekonda, yamebaki midomo. Bibi Buibui alikuwa amekunja miguu yake yote minane asisikie tumbo. Na Kinyonga, huyo mwendo wake mnaujua, hatua moja, anasita, hatua moja, anasita, alikuwa amepanda mwanzi unaoinamia maji, akakaa huko akiwa na rangi ya njaa.

Siku ya kwanza ikafika. Kumbikumbi wakapanda. Pwe! Pwe! Pwe!

Bwana Madoa naye akapanda. Chubwi! Chubwi! Chubwi!

Hakumwacha hata mmoja. Aliwala wakiwa na ngozi moja mkononi na nyingine mwilini. Mama Mbayuwayu akashuka kama mshale amwahi mmoja tu. Bwana Madoa akaruka nje ya maji, mzima mzima, akamdaka mkia. Ndege akajikwanyua, akaponea chupuchupu, manyoya mawili yakabaki yanaelea.

"Bwana Mkubwa!" akalia Mama Mbayuwayu kutoka kwenye jabali. "Tuachie japo wa siku moja. Kitinda mimba wangu hainui shingo tangu asubuhi."

"Wanaelea?" akauliza Bwana Madoa.

"Wanaelea, Bwana Mkubwa."

"Basi umeshajijibu."

Akazama. Jioni ile kinda dogo halikuinua shingo tena. Makinda yakabaki mawili.

Kinyonga aliyaona yote. Jicho moja lilimwangalia mama wa watu, jicho la pili lilimwangalia samaki. Akashuka. Hatua moja, anasita. Hatua moja, anasita. Akafika kwa Bibi Buibui.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na rangi ya hasira?"

"Naomba uzi wako. Ule wa kamba, si ule wa mapambo."

"Unataka kumfunga nani?"

"Bwana Madoa."

Bibi Buibui akacheka hadi akashika tumbo kwa mikono minane. "Kinyonga wewe! Na mwendo huo?"

"Mimi siendi kwake, bibi. Yeye ndiye atakuja."

Bibi akasokota uzi usiku kucha. Asubuhi ya siku ya pili Kinyonga alichukua mwiba mmoja uliopinda, akaufunga kipande cha jani, akaufunga na uzi, uzi akaufunga kwenye ncha ya mwanzi. Akatupa. Fyuu... tap!

Bwana Madoa akaja. Akatazama kwa jicho moja. Akacheka, mapovu yakajaa. "Kinyonga! Hili ni jani. Mimi nimezaliwa juzi?"

Akamla wa kweli aliyekuwa pembeni. Chubwi!

Siku ya tatu Kinyonga akayaokota yale manyoya mawili ya Mama Mbayuwayu, akayachambua, akatengeneza mabawa. Safari hii alifanana. Mama Chura mwenyewe alitaka kumla. Fyuu... tap!

Bwana Madoa akaja. Akamkaribia kabisa. Lakini uzi ulikuwa umekaza, na yule kumbikumbi wa uongo akaanza kwenda kinyume cha maji, akichora mstari nyuma yake.

"Aisee!" akasema Bwana Madoa. "Kumbikumbi gani huyu anapanda mto kama aliyesahau kitu nyumbani?"

Akamla wa kweli. Chubwi! Na watu wa ukingoni wakaanza kumwambia Kinyonga aache, wafe kwa heshima.

Siku ya nne Kinyonga hakutupa kitu. Alipanda mwanzi wake, akakaa kutazama. Kutazama tu. Jicho moja kwenye maji, jicho moja hewani, tangu umande mpaka jua linazama.

Mchana huo mmoja wa wale wadudu wa matope alikosea njia. Badala ya kupandia majini alipandia kwenye bua la mwanzi, akatambaa, akafika kwenye mkono wa Kinyonga, akasimama hapo. Njaa ya Kinyonga ilikuwa ya miezi. Ulimi ulikuwa tayari nyuma ya meno.

Mdudu akapasuka mgongo. Pwe! Kikatoka kichwa chenye macho kama punje mbili za mtama. Ikatoka miguu, ikitetemeka. Yakatoka mabawa, yamekunjamana, yamelowa, halafu yakafunguka polepole, na kila mshipa wake ukashika mwanga. Ngozi ya zamani ikabaki kwenye mkono wa Kinyonga, tupu, ina umbo la mdudu na hamna mdudu.

Kinyonga alikuwa akijiita fundi wa kubadilika. Kijani, kahawia, kijivu, alijua zote. Lakini hii? Huyu hakubadilisha rangi. Huyu alitoka matope akawa kitu kingine kabisa, na alikuwa na saa chache tu za kukitumia.

"Nenda," Kinyonga akanong'ona.

Mdudu akaruka. Ulimi haukutoka. Na katika kutazama huko, Kinyonga akawa amejifunza: kumbikumbi wa maji havuti, hasukumi, hana haraka. Mto unapokwenda, naye huenda huko huko, ametulia kama aliyelala.

Siku ya tano. Ya mwisho. Makinda mawili ya Mama Mbayuwayu hayalii tena.

Kinyonga akalegeza uzi. Akamtengeneza kumbikumbi wake upya, mabawa wima, mikia mitatu. Akajifunga mkia kwenye bua la mwanzi. Mwanzi wenyewe haukukatwa, ulikuwa na mizizi yake ardhini. Akatupa. Fyuuu... akatua kama pumzi.

Bwana Madoa akaja. Akamtazama. Anafanana. Akamtazama tena. Anaenda na maji. Lakini alikuwa ameshaona mizaha miwili, akasita.

Ndipo Kinyonga akalia kwa sauti kubwa: "Bwana Mkubwa! Nakuomba! Wale wote wengine chukua, lakini huyo mmoja usimguse. Huyo ni wangu!"

"Wako?"

"Wangu, Bwana Mkubwa. Huyo mmoja tu."

"Wako, katika mto huu?" Mapezi ya Bwana Madoa yakasimama. Wa kweli walikuwa wanaelea kulia kwake, wanaelea kushoto kwake. Hakuwaona. Alimwona huyo mmoja tu wa mtu.

Kinachoelea ni changu!
Kinachozama ni changu!
Kinachopita ni...

CHUBWI!

Mwiba ukashika mdomo. Tah!

Ee! Laiti mngekuwapo! Bwana Madoa alikwenda juu, akaenda chini, akaruka, akajipiga, pu! pu! pu! Maji yakafika kwenye kiota. Alivuta kwa nguvu zake zote, na nguvu anazo. Lakini alikuwa anamvuta nani? Akivuta, mwanzi unainama. Akipumzika, mwanzi unainuka. Akivuta, unainama. Akipumzika, unainuka. Kinyonga juu yake anatupwa huku na huko, macho yanazunguka kila moja na safari yake, anapiga kelele, "Bibi, uzi!"

"Ni ule wa kamba!" Bibi Buibui akajibu. "Shikilia, mwanangu!"

Jua lilisogea, samaki akachoka. Akalala ubavu kwenye changarawe, penye maji ya kufunika kidole, matamvua yake ya kupumulia yakifunguka na kujifunga.

Watu wa ukingoni wakaja mbio. Mama Chura mbele, na jiwe mkononi. "Wanangu!" alisema. "Wanangu arobaini!"

Wakati huo huo wingu likaondoka. Jua likampiga Bwana Madoa ubavuni.

Wakasimama.

Hakuna aliyekuwa amewahi kumwona ametulia juani. Walikuwa wameona kivuli, walikuwa wameona mdomo. Sasa waliona mgongo wa kijani kama majani baada ya mvua, na chini yake mstari wa waridi kama mapambazuko, na tumbo la fedha, na madoa, meusi, mekundu, kila doa na duara lake jeupe, mia, mia mbili, hayajirudii. Jiwe la Mama Chura likabaki mkononi. Kinyonga aliyekuwa akidhani rangi zote za dunia ni zake alijaribu kuzifuata. Akawa kijani, akawa waridi, akawa fedha, akachanganyikiwa, mwishowe akabaki mweupe.

Bwana Madoa akasema kwa shida, "Ulisema... ni wako."

"Alikuwa wangu kweli," akajibu Kinyonga. "Nilimtengeneza mwenyewe."

Kisha Kinyonga akafungua mdomo, akaukata uzi kwa meno.

"Kinyonga!" Mama Chura akapiga yowe.

Samaki akajipindua, mara mbili, akateleza, akazama. Maji yakajifunga. Mama Chura akakaa chini akalia.

"Kwa nini?" akauliza Mama Mbayuwayu.

Kinyonga akakohoa. "Hesabu ya kivita, mama. Nikimuua, kesho atakuja mwingine asiyejua lolote, atakula kama huyu. Huyu amejua."

Ilikuwa sababu nzuri. Aliibuni palepale.

Lakini tazameni. Alasiri ile ile, kundi la mwisho la kumbikumbi likapanda. Pwe! Pwe! Pwe! Bwana Madoa akainuka kutoka kilindini, mwiba ungali mdomoni. Akafungua mdomo chini ya kumbikumbi mmoja. Akasita. Akamtazama mabawa. Akamtazama mikia.

"Huyu ni wa nani?" akauliza.

Kumbikumbi akaruka zake.

Akaenda kwa mwingine. "Na huyu ni wa nani?" Naye akaruka. Kwa kila mmoja aliyemla, kumi walimponyoka. Na kila alipoelekea kujipa moyo, sauti ilitoka juu ya mwanzi, "Bwana Mkubwa, huyo ni wangu!" Na Kinyonga hakuwa na uzi, hakuwa na mwiba, hakuwa na kitu.

Hewa ikajaa mabawa mpaka jabali likapotea. Mama Mbayuwayu alipita humo mdomo wazi, akaenda kiotani, akarudi, akaenda, akarudi, na makinda yake mawili yakainua shingo. Bibi Buibui alikula kwa mikono yote. Mama Chura alikula huku akilia. Kinyonga akala arobaini na mmoja. Nyap! Nyap! Wa arobaini na mbili alitua puani pake. Akamwacha apite.

Na mpaka leo trauti ndiyo tabia yake. Anapanda, anamtazama mdudu, anasita. Nenda mtoni ukamwone.

Sasa mafunzo. Watoto, msiseme uongo! Mwongo mwisho wake ni mbaya. Mwangalieni Kinyonga: kwa sababu ya uongo wake alishiba, akanenepa, akapewa mwanzi mzuri kuliko wote na kila mtu akawa anamwamkia. Aibu iliyoje! Na jambo la pili, ukimwomba mtu kitu, mwombe kwa adabu kama Mama Mbayuwayu. Si mliona alivyopewa?

Mto wangu umefika baharini. Aliyelowa ajikaushe, aliyekauka atafute mto wake.

— Tumelowa!

Haya, kalaleni.