Kwa Nini Alama za Fundi Hubaki Nyumbani

Kaeni, na anayetaka kucheka acheke sasa, maana jambo hili bado linaniudhi.

Kulikuwa na wakati programu za simu zilisafiri na alama za fundi tumboni. Alama hizo ni majina ya kila kipande cha programu na mstari wa maandishi ya fundi kilikotoka, ili programu ikiharibika fundi ajue pa kutazama. Simu yenyewe haina haja nazo. Lakini mafundi walijivunia unene. Programu nyembamba waliiita kazi ya mwanafunzi.

Basi huku milimani Upare, fundi Kihedu alitengeneza programu ya wakunga ya kuitia gari la wagonjwa. Ilikuwa nene ajabu, na sehemu kubwa ya unene ule ni alama. Mkunga Nakijwa akajaribu kuiingiza kwenye kisimu chake. Simu ikakataa, imejaa. Akafuta picha za wajukuu, akafuta nyimbo za kwaya, bado ikakataa. Mjamzito aliyekuwa naye akabebwa kwa machela mteremko wote, akajifungulia njiani kwenye majani. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Nakijwa alimfuata Kihedu ofisini, kanga bado ina damu.

"We baba, umeweka nini humo, mawe?"

"Ni alama zangu, mama. Hunisaidia."

"Zikusaidie wewe, nizibebe mimi?"

Kwa aibu Kihedu akazing'oa alama zote, akazifuta. Programu ikawa nyepesi, ikaingia. Haukupita muda ikaanza kuzimika kila mkunga akibonyeza kuita gari. Kihedu akatazama taarifa ya kosa kwenye simu, akaona namba tupu, hakuna jina wala mstari.

"Imefia wapi?" Nakijwa akauliza.

"Sijui, mama."

"Hujui! Nilikwambia uzitoe kwenye simu yangu. Nani alikutuma uziue?"

Kihedu akarudi kazini. Akaitengeneza upya programu ileile. Safari hii alama akazitia kwenye faili la pembeni, akalifungia kwake, na programu akaituma bila alama. Ilipozimika tena, Nakijwa akamsomea namba zilizotokea kwenye simu. Kihedu akazilinganisha na faili lake, akauona mstari mbovu, akaurekebisha. Gari likaitika.

Kuanzia hapo mpaka leo, fundi mwenye akili hutuma programu nyepesi, na alama za kila toleo huzitunza nyumbani. Lakini wapo bado wanaotutumia mizigo. Waulizeni kwa nini, watawaambia simu za siku hizi ni kubwa. Kubwa za nani?