Firigisi ya Bi Sikudhani

Hapo zamani, si zile za majini na wafalme bali hizi hizi za juzi, palikuwa na mama wa Kizaramo, Bi Sikudhani, mwenye mdomo kuishinda redio ya jirani. Siku moja tumbo likamkaba. Kupimwa, saratani ya utumbo. Kupimwa tena, titi nalo lina saratani yake, wala haina undugu na ile ya kwanza!

"Mbili?" akafoka. "Zimekubaliana wapi kunijia pamoja?"

Daktari Kweka, fundi wa matumbo, akasema, "Mama, utumbo unakaribia kuziba. Tuanze huko."

Daktari Tumpe, mpasuaji wa matiti, alikuwa na kisu chake tayari. Akafikiri, akakirudisha. "Langu litasubiri. Nitalishikilia kwa vidonge mpaka mama apate nguvu." Wenzake wakanong'ona kwamba ameogopa.

Bi Sikudhani akagoma. "Nikatwe yote siku moja, au sikatwi! Mimi gauni, nirudishwe kwa fundi mara mbili?" Wakambembeleza, akageukia ukutani. Ukweli ni kwamba aliogopa. Usingizi wa dawa mara mbili, na hata ule wa kwanza hakuwa na hakika ya kuamka!

Ndipo akaingia Nkwabi, Mnyamwezi, mtani wake. Na mnaujua utani wa Wanyamwezi na Wazaramo: hata msibani ruksa. Kaja na kamba. Salamu hakutoa. Akaanza kumpima toka kichwani hadi miguuni.

"We Mnyamwezi, unafanya nini?"

"Napima kaburi. Mzaramo mnene hivi, wachimbaji wajiandae mapema. Na wali wa matanga usiwe na mchanga kama ule wa harusi yako."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Bi Sikudhani akaketi wima. "Daktari! Nipeleke sasa hivi! Sifi mpaka nimzike huyu!"

Kweka akakata utumbo siku hiyo hiyo. Tumpe akalishikilia titi kwa vidonge, uvimbe ukatulia. Nkwabi akaja kumjulia hali mgonjwa, akamtania tena, mama akacheka mpaka mshono wa tumbo ukaachia! Akarudishwa kushonwa, na zamu ya titi ikasogezwa mbele. Tumpe akangoja tena, roho mkononi. Mwishowe naye akakata. Mama akapona. Akapona kabisa, jamani!

Siku ya shukrani akachinjisha jogoo, akawaalika wote watatu. Sasa jogoo ana firigisi moja tu, nayo hupewa mgeni wa heshima. Bi Sikudhani akaichota kwa upawa, mkono ukasita hewani.

"Yangu hiyo," akasema Kweka. "Ningechelewa kidogo tu, leo asingekuwepo wa kupika."

"Yangu," akasema Tumpe. "Wewe ulikata, ukasifiwa. Mimi nilingoja, nikasemwa. Ningekuwa na pupa, mwili wake usingehimili."

Nkwabi akacheka. "Visu mlikuwa navyo, mgonjwa hamkuwa naye! Nani aliwapa?"

"Na mshono ulioachia?" akauliza Tumpe.

"Kwani niliushona mimi?" Nkwabi akamkazia macho Kweka.

Bi Sikudhani akawatazama: aliyekata, aliyengoja, aliyemchekesha. Akawapenda wote mpaka machozi yakamtoka. Upawa bado uko hewani, mchuzi unadondoka, na watatu wote wamesogeza sahani.

Haya, nyinyi mnaocheka hapo, msaidieni mama wa watu: je, ni nani aliyestahili firigisi ile?