Choo cha Kumwonyesha Bwana Afya

Mvua za mwaka 1995 zilipoanza kunyesha Murungu, wilayani Kibondo, ugonjwa wa kuhara damu ulikuwa umeshapiga hodi vijiji vya jirani. Halmashauri ikatoa amri: kila kaya ichimbe choo chenye mfuniko, na kila anayehara apelekwe zahanati. Mkaidi angefikishwa mahakamani.

Mzee Bazilio alichimba. Choo chake kilikuwa imara kuliko vyote kijijini, chenye mlango wa mbao na sakafu iliyofagiwa. Hakuna aliyekitumia. Kwa desturi, mkwe hakanyagi mahali anapojisaidia baba mkwe. Naye Bazilio aliona haya mkwewe, Yusta, amwone akielekea huko. Wote walikwenda migombani, upande wa juu wa chemchemi walikochota maji wao na majirani.

"Mzee, mbona hiki hakina hata nzi?" aliuliza Saidi, Bwana Afya aliyehamia kutoka Tanga.

"Umekuja kukagua choo au kutafuta nzi?" Bazilio alimjibu, na majirani wakacheka.

Saidi hakucheka. "Kama ni mambo ya ukwe, chimbeni cha pili. Sheria haikatazi viwili."

"Tutaona."

Cha pili hakikuchimbwa. Mwezi haukuisha, Rosa, mtoto wa Yusta aliyekuwa bado ananyonya, akaanza kuhara damu. Baba yake, Crispin, alikuwa Kasulu akiuza maharage. Yusta alisimama nyuma ya ukuta wa jiko, kama ilivyompasa kila alipozungumza na baba mkwe.

"Baba, mtoto anaisha. Naomba nimpeleke zahanati."

"Ukimpeleka, kesho Bwana Afya yuko hapa na mgambo. Atauliza tunajisaidia wapi. Utamjibu wewe?"

Yusta alimhamishia mtoto bega la pili.

"Ni meno hayo. Mnyonyeshe."

Mchana kutwa Yusta aliingia na kutoka kama kuku atakaye kutaga. Macho ya mtoto yalizama. Ngozi ya tumbo ilipofinywa, haikurudi upesi. Jirani yao Ntirampeba alipopita kuuliza hali, Bazilio alimwambia wote ni wazima. Kulipopambazuka, Yusta alimfunga Rosa mgongoni akaondoka bila kuaga.

Kule zahanati, muuguzi alimpokea mtoto, akamgusa shingoni, kisha akamfunika kwa kanga ya mama yake.

"Alihitaji maji ya chumvi na sukari tangu jana," alisema. "Mlikuwa mnangoja nini?"

Msiba ulijaza watu uani. Wanawake waliokuja kulala matanga wakauliza choo kiko wapi, wakaonyeshwa kile chenye mlango wa mbao. Ntirampeba alitangulia na taa. Alirudi upesi, akasimama mbele ya Bazilio.

"Mzee, tundu lina utando wa buibui. Nyumba nzima mlikuwa mnakwenda wapi?"

Bazilio aliinamisha kichwa. Wengine waligeuka kutazama migomba, kisha chemchemi iliyokuwa chini yake. Hapakuwa na haja ya mgambo wala hakimu: mficha maradhi, kifo humuumbua.