Godbless na Maikrofoni za Dukani

Jembe halilimi lenyewe. Mkulima akisimama sokoni kutwa, akipima mpini huu na kugonga bapa lile, mvua haimsubiri. Wenzake wanapanda, wanapalilia, yeye bado anachagua. Hapo ndipo wahenga waliposema mchagua jembe si mkulima. Godbless aliijua methali hii tangu shuleni, tena aliiandikia insha nzuri akapigiwa makofi. Lakini kuijua methali si kazi. Kazi ni kuikumbuka inapokuhusu.

Baba yake, Mzee Elimringi, alishuka kutoka Rombo akiwa kijana, na sasa alikuwa na duka la jumla pale Kariakoo, akiuza spika, nyaya na maikrofoni. Alikuwa mtu aliyechoka. Alichoka kufungua makufuli alfajiri, alichoka kubishana bei mchana kutwa, na jioni miguu ilimvimba hata viatu vikagoma kuvulika. Alimtaka mwanawe dukani. Mwanawe alitaka gitaa. Basi bendi moja ya muziki wa dansi ya Ilala ilipotangaza kuwa inatafuta mpiga gitaa kijana, na kwamba kila anayetaka atume rekodi ya wimbo mmoja aliyojirekodi nyumbani, mzee alitoa uamuzi.

"Wakikuchukua, nenda, na Mungu akutangulie," alisema. "Wasipokuchukua, gitaa unalitundika ukutani, unakuja kushika funguo. Mimi nimechoka, baba."

Godbless alikubali. Moyoni alijiona amekwisha kuchukuliwa, maana kipaji alikuwa nacho, na vifaa vilikuwa vyake.

Mwalimu wake aliitwa Fikirini, mzee wa Ilala aliyemaliza ujana wake akipiga gitaa kwenye harusi za watu. Alifundisha vijana katika chumba cha ghorofani nyuma ya ukumbi wa harusi, na subira yake ilikuwa imebaki kidogo sana. Mambo ya simu hakuyapenda, ila alikuwa ameona yanavyosaidia, akayafundisha huku akipiga miayo.

"Simu iwekeni kwenye kigoda, karibu na gitaa. Zimeni feni. Dirishani tundikeni blanketi. Wimbo ukiwashinda kasi, kuna programu ya kuupunguza mwendo, upunguzeni mpaka vidole vielewe. Lakini mkirekodi, pigeni mwanzo hadi mwisho. Ukikosea, usisimame. Asubuhi, kabla ya chai, jisikilize. Simu haina haya ya kukwambia ukweli."

"Mwalimu, kwetu mlango wa pili kuna fundi anachomelea mageti," alilalamika Swaumu, msichana aliyekaa Buguruni katika nyumba ya wapangaji wengi.

"Rekodi humo humo. Kwani harusini watu wananyamaza?"

"Mwalimu, maikrofoni ya simu inakula besi," akasema Godbless.

"Itashiba. Wewe piga."

Godbless hakucheka. Aliona mzee amepitwa na wakati. Pale dukani palikuwa na desturi kwamba mzigo mpya ukifika, boksi moja hufunguliwa, kifaa kijaribiwe kabla ya kuuzwa. Godbless akajipa kazi hiyo. Kila mzigo ulipoingia, alibeba maikrofoni nyumbani, akaisikiliza, akaikosoa, akairudisha imefungwa gundi vizuri kama haijaguswa. Hii ilikuwa kavu. Ile ilikuwa na mvumo. Nyingine ilikuwa kali kupita kiasi, ilinasa hata jirani akitafuna kashata. Kupima sauti hakukuhitaji wimbo mzima, hivyo alipiga kipande kile kile cha mwanzo, jioni baada ya jioni, mpaka mama yake akaweza kukiimba huku anakoroga mtori wa ndizi.

"Mwanangu, huo wimbo hauna mbele?" mama alimuuliza.

"Unayo, mama. Natafuta kwanza kifaa."

Siku ya kutuma rekodi ilipokaribia, Godbless alishtuka. Mbele ya wimbo hakukujua. Hata hivyo kompyuta ilikuwapo. Alipiga kipande, akapumzika, akapiga kingine, akakirudia hadi kikanyooka, kisha akaviunganisha vyote kama fundi cherehani anavyounga vitambaa, mshono usionekane. Ilitoka rekodi safi kweli kweli. Mwalimu Fikirini alipoisikiliza alimtazama kwa macho yake mazito.

"Nzuri. Umeipiga yote kwa mara moja?"

"Asante mwalimu, ngoja niwahi," Godbless akajibu, akaondoka.

Mwalimu alitaka kumwita. Akakumbuka umbali wa ngazi, akaacha.

Bendi iliwaita wawili, Godbless na Swaumu. Kiongozi wao, Bi Mwanamkuu, mwimbaji mwenye sauti nzito na maneno machache, aliwaomba kila mmoja aupige wimbo ule ule aliourekodi, safari hii pamoja na ngoma na besi. Godbless alitangulia. Mwanzo ulitiririka hata mpiga besi akatikisa kichwa kwa raha. Kisha vidole vikafika pale ambapo kwenye kompyuta alizoea kusimama na kupumzika. Vikasimama.

"Samahani. Naomba nianze tena."

Akaanza tena, akasimama pale pale. Alipoomba mara nyingine, mpiga ngoma alikwisha weka vijiti chini.

"Kwenye rekodi alipiga nani, mwanangu?" aliuliza Bi Mwanamkuu.

"Mimi."

"Nakuamini. Ila huu wimbo hujawahi kuupiga."

Godbless aliona aibu hata masikio yakawaka. Swaumu akapanda jukwaani. Rekodi yake ilikuwa na mlio wa kuchomelea, na katikati mwanamke akifoka nani ameanua nguo zake. Bendi nzima ilikuwa imeisikiliza na kucheka. Hata sasa alikosea mahali, akauma mdomo, akaendelea, ngoma ikamngoja, wakafika mwisho pamoja. Wakamchukua yeye.

Mzee Elimringi alimpa mwanawe funguo. Alidhani angefurahi kupumzisha miguu, lakini alipoliona gitaa ukutani chakula kilimshinda.

Siku moja aliingia dukani kijana mwenye gitaa mgongoni, macho yake yakizunguka rafuni.

"Mambo, bro? Nipe maikrofoni kali ya kurekodia chumbani, geto kwangu."

Godbless alizijua zote kuliko mtu yeyote Kariakoo. Aliishika moja, akaigeuza mkononi.

"Simu unayo?"

"Ninayo."

"Wimbo unaupiga mpaka mwisho?"

Kijana akacheka. "Bado. Nasubiri kifaa kwanza."

Maneno hayo yalimchoma Godbless, kwa kuwa yalikuwa yake. Akairudisha maikrofoni ndani ya boksi taratibu.

"Nenda kaumalize na hiyo simu, ndugu yangu. Ukifika mwisho, njoo nitakuuzia."

Kijana akatoka akinung'unika. Mzee Elimringi akainua kichwa kutoka kwenye kiti chake cha pembeni.

"We Godbless! Unafukuza wateja?"

"Hapana, baba," alisema Godbless kwa sauti iliyochoka kama ya baba yake. "Mchagua jembe si mkulima."